Premio au Sylphy: gari gani la familia linalohimili Junda?

Mkaazi wa Junda, wadi ya Kisauni mjini Mombasa, anayetafuta gari la familia, lenye viti vitano, buti la kutosha na injini isiyomaliza mshahara kwenye kituo cha petroli, mara nyingi huishia kwenye majina mawili: Toyota Premio na Nissan Sylphy. Akiulizia, hupewa majibu yanayogongana, na kila jibu hutolewa kwa uhakika kamili. Fundi wa gereji ya kando ya barabara humwambia kuwa Nissan ni kujitafutia gharama. Dalali wa yadi humwonyesha Sylphy ya mwaka uleule, safi kuliko Premio iliyo kando yake, kwa bei iliyo chini kwa laki kadhaa. Mwenye Premio naye humwambia gari lake ni kama kiwanja, halikosi mnunuzi siku ya dharura.

Wote hao wanasema kweli, lakini kila mmoja anajibu swali lake. Fundi anajibu swali la urahisi wa kutengeneza, dalali la bei ya leo, mwenye Premio la bei ya kuuzia kesho. Familia inahitaji majibu ya maswali yote matatu kwa pamoja, kwa miaka yote itakayolimiliki gari hilo, katika barabara za Kisauni, na mara nyingi kwa pesa za mkopo. Hapa chini tunayapima magari haya mawili kwa mizani hiyo.

Jina moja, magari zaidi ya moja

Sehemu kubwa ya mkanganyiko inatokana na majina. Premio ilianza kama Corona Premio, jina lililotumika hadi 2001. Desemba mwaka huo Toyota ilitoa gari lililoitwa Premio peke yake, ambalo wengi leo huliita Premio ya zamani. Juni 2007 likaja umbo la pili, ambalo liliendelea kuundwa, pamoja na marekebisho ya 2010 na 2016, hadi Machi 2021 lilipositishwa moja kwa moja. Premio hiyo ya pili ilipatikana kwa injini za lita 1.5, 1.8 na 2.0.

Sylphy ilianza Agosti 2000 kama Bluebird Sylphy. Umbo la pili, lililotoka Desemba 2005, ndilo lililojaa Kenya kwa muda mrefu, likiwa na injini ya lita 1.5 au 2.0. Mwishoni mwa 2012 Nissan iliacha neno Bluebird na kutoa Sylphy mpya, pana zaidi, ambayo soko la Japani liliipata kwa injini moja tu ya petroli ya lita 1.8. Uundaji wake kwa ajili ya Japani ulikoma 2020.

Historia hii ina uzito kwa sababu sifa ya gari moja hubebeshwa jingine. Anayesema "Premio inasumbua injini" huenda anakumbuka Premio ya zamani ya lita 2.0 yenye injini ya D4, ambayo hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda na inayochagua sana petroli na fundi. Premio ya zamani ya lita 1.8 haikuwa na mfumo huo, na umbo la 2007 lilikuja na injini nyingine za lita 1.8 na 2.0. Vivyo hivyo, anayesifu wepesi wa kupata spea za Sylphy huenda anazungumzia ile ya 2005, iliyotumia injini ya lita 1.5 iliyomo pia katika Tiida, Note ya kwanza, Wingroad na AD. Sylphy ya 2012 kwenda mbele haina undugu mpana hivyo barabarani kwetu. Kwa hiyo mnunuzi akipewa ushauri, cha kwanza aulize umbo lipi na injini ipi.

Mlango unaofungwa

Kenya hairuhusu kuingizwa gari la mtumba lililozidi miaka minane. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) husimamia kanuni hiyo, na kila Januari mwaka wa mwisho unaokubalika husogezwa mbele. Kwa 2026, gari linaloshushwa bandari ya Mombasa ni lazima liwe limesajiliwa kwa mara ya kwanza Januari 1, 2019 au baadaye. Kwa hesabu hiyo, Premio za mwisho, za 2021, zitaweza kuingia hadi mwisho wa 2028. Sylphy za mwisho, za 2020, zitafungiwa mlango mwisho wa 2027. Baada ya hapo yatabaki yale yaliyokwisha tembea nchini.

Jambo hili lina pande mbili. Upande mmoja, gari linaloacha kuingia hushikilia bei ikiwa bado linatafutwa, na hilo linaipa nguvu Premio. Upande wa pili, gari ambalo halikuwa na wingi tangu mwanzo hupungukiwa na mafundi wanaolijua na maduka yanayoweka spea zake, na hilo linaikaba Sylphy. Sylphy ya 2012 haikupata wanunuzi wengi Japani, kwa hiyo hata zile zilizofika huku si nyingi. Umbo hilohilo liliuzwa kwa wingi mkubwa China, jambo linalosaidia upatikanaji wa spea za chini kama bushi na shokabsoba, ingawa injini zilizouzwa kule hazikuwa zote sawa na ya lita 1.8 ya Japani.

Ushuru nao una mkono wake. Tangu Julai 2023 ushuru wa forodha wa gari la mtumba ni asilimia 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, asilimia 20 kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,500 na asilimia 25 kwa injini ndogo na za kati zinazozidi hapo, kisha VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5 na ada ya reli ya asilimia 2. Kwa kuwa ushuru hutozwa juu ya ushuru, gari ambalo Mamlaka ya Ushuru (KRA) imelithamini kwa Sh800,000 litalipiwa Sh739,360 likiwa la lita 1.5, na Sh802,000 likiwa la lita 1.8. Tofauti ni Sh62,640 kwa thamani ileile.

Hata hivyo KRA haithamini kwa bei uliyolipa Japani. Hutumia orodha yake ya bei kwa kila aina ya gari, kisha hupunguza kwa kadiri ya umri. Ndiyo maana Sylphy ya lita 1.8 inaweza kufika Mombasa kwa jumla ndogo kuliko Premio ya lita 1.5 ingawa kiwango chake cha ushuru ni kikubwa. Orodha hiyo ikibadilishwa, kama KRA ilivyotangaza 2025, tofauti ya bei kati ya magari haya inaweza kubadilika ndani ya mwezi mmoja bila yadi kuongeza hata shilingi ya faida yake. Mnunuzi akipewa bei iliyopanda ghafla, amwombe wakala wa forodha hesabu ya ushuru kwa maandishi, mstari kwa mstari.

Hoja ya Premio

Nguvu ya kwanza ya Premio ni kwamba haiko peke yake. Injini yake ya lita 1.5 ndiyo iliyomo katika Probox, Succeed, Fielder na Axio za miaka mingi. Mafundi wa Mishomoroni, Bombolulu na Kongowea wameifungua na kuifunga mara nyingi kiasi kwamba hawahitaji kitabu. Ile ya lita 1.8 imo katika Wish. Spea mpya na za mtumba hupatikana mjini, na kinachokosekana kisiwani huletwa na basi la usiku kutoka Kirinyaga Road, Nairobi.

Nguvu ya pili ni bei ya kuuzia. Soko la Kenya limekubaliana juu ya Premio, na makubaliano hayo yenyewe ni mali. Mtu akipatwa na ugonjwa, karo au msiba, gari linalouzwa ndani ya wiki moja humwokoa asiuze kwa bei ya kutupa.

Ya tatu ni usalama. Premio zilizofanyiwa marekebisho Juni 2016 ziliongezewa mfumo wa Toyota Safety Sense C katika baadhi ya madaraja, unaomwonya dereva na kushika breki gari linapokaribia kugonga. Mfumo huo hutegemea kifaa kilichobandikwa nyuma ya kioo cha mbele. Kioo kikibadilishwa bila kifaa kupimwa upya, mfumo huweza kusoma vibaya, kwa hiyo mnunuzi aulize kama kioo ni cha asili.

Udhaifu wa Premio unatokana na sifa yake. Kwa kuwa inatafutwa, hata Premio mbovu ina mnunuzi, na wauzaji wanalijua hilo. Gari lililogongwa likanyooshwa, au lililorudishwa nyuma kilomita, hupata soko likiwa Premio haraka kuliko likiwa Sylphy. Mnunuzi anaweza kulipa bei ya jina na kupata gari lililochoka. Tena, kwa bajeti ileile, Premio utakayoipata itakuwa ya zamani zaidi au yenye kilomita nyingi zaidi kuliko Sylphy.

Hoja ya Sylphy

Sylphy ya 2012 kwenda mbele inampa mwenye pesa kidogo gari la umri mdogo. Kwa bei ya Premio iliyokwisha tembea Kenya miaka mingi, mnunuzi anaweza kupata Sylphy iliyoshuka melini karibuni, yenye karatasi ya mnada wa Japani na cheti cha ukaguzi. Umri mdogo maana yake ni mipira, waya, kiyoyozi na viti ambavyo havijachoka.

Pia ina nafasi. Japani hupanga magari katika madaraja kwa vipimo, na Premio ilibanwa ibaki na upana wa milimita 1,695 ili isivuke mpaka wa milimita 1,700. Sylphy mpya iliachiwa ifikie milimita 1,760. Umbali kati ya matairi ya mbele na ya nyuma ni uleule, milimita 2,700. Kwa hiyo mtoto wa tatu katikati ya kiti cha nyuma, au mama na mabinti wawili wenye mabuibui wanaokwenda harusini Kilifi, wataihisi tofauti hiyo ya sentimita sita na nusu.

Udhaifu wake mkubwa ni giaboksi. Sylphy hii hutumia CVT, yaani mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili badala ya gia za kawaida. Marekani, ambako gari hili liliuzwa kwa jina la Sentra, madai ya wateja dhidi ya giaboksi za magari ya 2013 hadi 2017 yalimalizwa kwa Nissan kukubali kuongeza muda wa dhamana. Hilo halina maana kwamba kila Sylphy itakufa giaboksi, lakini linaonyesha kuwa maneno ya mafundi wetu hayakutokana na chuki ya jina.

Hapa pana kosa moja la kurekebisha. Wengi huamini Toyota "haina CVT". Premio ya 2007 kwenda mbele nayo ni CVT, ya Toyota. Ile ya zamani ya lita 1.5 na 1.8 ndiyo iliyokuwa na giaboksi ya kawaida ya gia nne. Mwenye Premio anayeweka mafuta yoyote mekundu ya giaboksi kwa kuwa ni Toyota anajichimbia shimo lilelile. Tofauti ya magari haya mawili ni kiwango cha uvumilivu, na wingi wa giaboksi za mtumba za kubadilishia.

Sylphy pia ilibaki nyuma katika mifumo ya kuzuia ajali ikilinganishwa na Premio ya 2016. Familia inayoweka usalama mbele isilipuuze hilo.

Junda inavyolifanyia gari

Uchambuzi wa Nairobi hauwezi kuhamishwa Junda kama ulivyo. Wadi hii ya Kisauni iko kando ya mkono wa bahari wa Tudor. Upepo wake una chumvi, njia nyingi za ndani ni mchanga na matumbawe, na masika hugeuza mashimo kuwa madimbwi yasiyojulikana kina. Anayefanya kazi kisiwani huvuka Daraja la Nyali pamoja na maelfu ya wengine asubuhi na jioni.

Joto na foleni ndizo adui wa CVT. Gari linalosogea mita kumi na kusimama, kiyoyozi kikiwaka mchana wa Februari, hupasha mafuta ya giaboksi kuliko safari ya moja kwa moja ya Malindi. Kipindi cha kubadilisha mafuta kilichoandikwa kwa ajili ya Japani hakifai hapa, na mmiliki wa gari lolote kati ya haya mawili anapaswa kukifupisha na kutumia mafuta halisi ya giaboksi hiyo. Kwa Sylphy hili ni sharti la uhai wake.

Chumvi hula chuma polepole, lakini baadhi ya magari hufika yakiwa yamekwisha kuliwa. Kaskazini mwa Japani, kama Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Premio zenye nguvu katika matairi yote manne zilipendwa zaidi huko. Junda haina matumizi ya nguvu hiyo, nayo huongeza uzito na petroli. Katika karatasi ya mnada herufi S huonyesha kutu na C huonyesha chuma kilicholika. Anayeishi karibu na bahari alikatae gari lenye alama hizo upande wa chini, hata likishushwa bei.

Matuta na mashimo hayana mshindi dhahiri. Magari yote mawili ni marefu kati ya matairi na yako chini. Anayepita kila siku njia isiyo na lami akiwa na abiria wanne atabadilisha bushi na shokabsoba mapema, na kwa Premio atazipata karibu na nyumbani, kwa bei ya ushindani.

Mombasa nayo ina neema yake. Mkaazi wa hapa huliona gari siku linapotoka bohari ya forodha, kabla halijapakwa rangi wala kupelekwa Nairobi. Anaweza kulifananisha na karatasi ya mnada, kukwaruza kwa kukwaruza. Neema hii humfaa zaidi mnunuzi wa Sylphy, kwa kuwa gari lake halina jina la kulificha kosa.

Hesabu ya miaka minne

Tuweke mfano, si bei ya soko. Tuseme Premio ni Sh2,200,000 na Sylphy ya mwaka uleule Sh1,600,000. Pengo ni Sh600,000. Tuseme familia italitumia gari miaka minne, kilomita 15,000 kwa mwaka.

Thamani: tukikadiria Premio itapoteza robo ya bei yake na Sylphy asilimia 40, Premio itakuwa imepoteza Sh550,000 na Sylphy Sh640,000. Premio inaongoza kwa Sh90,000.

Petroli: kwa Sh180 lita, Premio ya lita 1.5 ikienda kilomita 13 kwa lita na Sylphy ya lita 1.8 kilomita 12, tofauti ni kama Sh17,000 kwa mwaka, au karibu Sh69,000 kwa miaka minne. Premio inaongoza tena.

Bima: bima kubwa huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Kwa asilimia 4, pengo la Sh600,000 ni Sh24,000 mwaka wa kwanza. Kwa kuwa Premio inashikilia thamani, pengo hilo halipungui. Kwa miaka minne ni kama Sh100,000. Sylphy inaongoza.

Mkopo: ikiwa pengo hilo limekopwa kwenye Sacco kwa asilimia 1 kwa mwezi ya salio linalopungua, riba yake kwa miezi 48 ni kama Sh158,000. Sylphy inaongoza. Anayeepuka riba na kununua kwa murabaha bado atalipa faida ya benki juu ya pengo hilohilo, kwa hiyo mstari huu unamhusu pia.

Tukijumlisha, aliyekopa anabaki na faida ya kama Sh100,000 akichukua Sylphy. Pengo lililoonekana kuwa laki sita yadini limekuwa laki moja kwa miaka minne. Na laki hiyo ni nyepesi. Sylphy ikipoteza asilimia 46 ya bei badala ya 40, imekwisha. Giaboksi moja ikibadilishwa, imekwisha na deni juu.

Mwenye pesa taslimu ambayo ingekaa bure hana mstari wa mkopo. Kwake hesabu inageuka, na Premio inashinda kwa karibu Sh60,000. Lakini ikiwa pesa hiyo ingewekwa mahali penye faida, au ingelipa karo ambayo vinginevyo ingekopewa, basi yuko katika hali ya aliyekopa.

Mfano huu unafundisha mambo mawili. La kwanza, jibu linategemea pesa imetoka wapi kuliko linavyotegemea nembo ya gari. La pili, tofauti ya gharama kati ya magari haya mawili ni ndogo kuliko tofauti kati ya gari zima na gari bovu la aina yoyote. Kila familia iweke bei inazopewa wiki hiyo katika mistari hii minne kabla ya kuamua.

Njia za pembeni

Anayeipenda Premio lakini akashindwa na bei asirukie Sylphy kabla ya kuitazama Toyota Allion. Allion ni pacha wa Premio: chini, injini na giaboksi ni vilevile, na uundaji wake ulisimama Machi 2021 kama wa mwenzake. Hutofautiana sura na mapambo. Ikipatikana kwa bei iliyo chini, inatoa faida zote za ufundi za Premio. Corolla Axio nayo ni nyepesi kwa petroli, ila ni ndogo kidogo kwa nafasi ya nyuma, na familia ya watu watano itaihisi mapema.

Mizani

Premio inamfaa anayehitaji gari lisimtie hofu: mwenye mapato ya kupanda na kushuka ambaye huenda akalazimika kuliuza kabla ya miaka mitatu, anayetegemea fundi wa mtaani, na anayepita njia mbaya kila siku. Gharama ya utulivu huo ni kulipa zaidi mwanzoni, na hatari yake ni kulipia jina badala ya gari. Premio iliyochoka kwa bei ya Premio nzima ndiyo biashara mbaya kuliko zote zilizotajwa hapa.

Sylphy inamfaa mwenye kipato cha uhakika, anayekusudia kukaa na gari miaka mitano au zaidi, aliye tayari kulipima kwa mashine kabla ya kununua na kubadilisha mafuta ya giaboksi kwa wakati. Kukaa nalo muda mrefu ni muhimu, kwa sababu hasara ya kuuzia hugawanyika katika miaka mingi. Sharti la pili ni kutenga sehemu ya pengo lile. Aliyeokoa laki sita akazitumia zote kwenye rimu, redio na sherehe amenunua hatari bila kinga. Aliyeweka laki moja na nusu kando kwa ajili ya giaboksi ameigeuza hatari kuwa gharama inayojulikana.

Kwa familia ya kawaida ya Junda, inayokopa sehemu ya bei na kuvuka Daraja la Nyali kila siku, mizani inaelemea hivi. Pengo likiwa dogo, tuseme chini ya laki tatu, Premio au Allion ndiyo chaguo, kwa kuwa riba na bima ya pengo hilo haziifikii thamani ya fundi wa karibu na soko la haraka. Pengo likifika laki sita au kupita, Sylphy iliyoshushwa karibuni, yenye karatasi kamili na giaboksi iliyopimwa, inastahili kuchukuliwa bila aibu. Katikati ya hapo, hali ya gari lenyewe ndiyo iamue.

Muhtasari

Kwanza, ujue umbo na injini kabla ya kuamini sifa au lawama ya jina. Pili, magari yote mawili hayaundwi tena kwa soko la Japani, na milango ya kuyaingiza inafungwa mwisho wa 2027 kwa Sylphy na mwisho wa 2028 kwa Premio. Tatu, Premio ina nguvu katika spea, fundi, usalama na kuuzika. Sylphy katika umri, upana na mzigo mdogo wa mkopo na bima. Nne, yote mawili ya kisasa ni CVT, na joto la pwani halisamehe uzembe wa mafuta ya giaboksi, hasa kwa Sylphy. Tano, pengo la bei la yadini si akiba mpaka litolewe riba, bima, petroli na hasara ya kuuzia.

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha cheti cha umiliki katika mfumo wa Mamlaka ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), ili ujue kama gari lina deni la benki. Soma karatasi ya mnada ukiwa umesimama kando ya gari lenyewe. Litazamwe chini likiwa limeinuliwa. Liendeshe nusu saa katika foleni kiyoyozi kikiwaka, hadi giaboksi ipate joto, kwa sababu kutetemeka na kuchelewa kuondoka hujitokeza hapo. Gari likipita majaribio hayo, likiwa Premio au Sylphy, litaibeba familia yako. Likishindwa, jina lililoandikwa nyuma ya buti halitalivusha daraja.